Moshi na Arusha kwa siku saba: kodi, umeme na saa za kazi za developa

Siku ya 1, Jumatatu: Moshi mjini

Developa, yaani mtengeneza programu, anayefanya kazi nyumbani apange Moshi au Arusha? Wiki hii ni ya kuipima miji yote miwili, na Februari ndiyo mwezi wa kuipimia Moshi. Masika bado, upepo ni wa kubahatisha, na mchana joto linagonga nyuzi 32 au 33. Chumba cha bati kisicho na dari ya ndani kinabaki cha moto hadi saa 5 usiku, na laptopu inayojenga programu kubwa inapiga feni kama mashine ya kusaga. Ubaya wa Arusha unakuja Julai, na baridi na ukungu wake, kwa hiyo safari hii inaikuta Arusha imevaa vizuri. Msomaji aipunguzie alama moja kwa hilo.

Tofauti hiyo ya hewa inaletwa na mwinuko. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Hewa hupoa takribani nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, hivyo mita 500 hizo ni nyuzi 3 hivi. Zinaonekana chache, lakini ndizo zinazoamua kama utalala na feni au na blanketi, na kama hela ya umeme itaenda kwenye feni au kwenye maji ya moto. Hesabu yake inakuja keshokutwa.

Kazi ya leo ni mtandao. Watu wengi hufungua tovuti ya kupima kasi, wakaona megabiti 20, wakaridhika. Kasi ndiyo ya kuangalia mwisho. Anza na pingi ya mfululizo, yaani vijiujumbe vidogo (pakiti) vya kupima muda wa kwenda na kurudi, dakika 10 bila kukatisha, kwenda kwenye seva utakayoitumia kweli, ile kompyuta ya mbali inayobeba kazi yako, siyo seva ya Dar es Salaam. Hesabu pakiti zilizopotea. Zikizidi moja katika mia, sauti ya mkutano itaanza kukatika maneno hata kama kasi ni nzuri. Kisha rudia pingi hiyo hiyo huku ukipakua faili kubwa. Kama ucheleweshaji unaruka kutoka milisekunde 180 hadi 900, tatizo ni foleni iliyojazana ndani ya ruta, na mara nyingi huna haja ya kuhama kampuni: ingia kwenye ruta, weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyolipia, foleni inalegea. Mwisho ndiyo unapima kasi, na zaidi ile ya kupandisha, maana ndiyo inayobeba sura yako kwenye mkutano na kazi yako kwenda kwenye seva.

Umbali wa seva nao una kanuni yake. Mwanga ndani ya faiba, ule waya wa kioo unaoleta intaneti, hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Vituo vikubwa vya seva za kukodi vilivyo upande wetu wa dunia viko Johannesburg na Cape Town, na wateja wengi wa Ulaya wanaweka za kwao Ulaya. Kilomita 80 za kutoka Moshi hadi Arusha hazifiki hata milisekunde moja. Anayekwambia Arusha ina intaneti ya kasi kwa sababu ni jiji amechanganya mji na nguzo iliyo mbele ya nyumba yake.

Pima mara tatu kwa siku: saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 2 usiku. Hiyo ya usiku ndiyo yenye ukweli, maana mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu anaangalia video. Kwa anayefanya kazi na watu wa California ni saa ya hatari zaidi: saa 3 asubuhi ya kwao ni saa 1 usiku ya kwetu kipindi chao cha kiangazi na saa 2 usiku kipindi chao cha baridi. Mkutano wa kuanza siku yao unaangukia palepale mtaa wako ulipolemewa. Anayefanya kazi na Berlin amepona. Tofauti ni saa 1 au 2 tu, na saa 12 jioni au saa 1 usiku kazi imeisha.

Siku ya 2, Jumanne: madalali wa Moshi

Soweto, Rau, Majengo, Pasua, Longuo, Shanty Town. Chumba masta chenye jiko, maeneo ya Soweto na Rau, madalali wanaanzia shilingi 100,000 hadi 180,000 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala ni 200,000 hadi 350,000. Shanty Town, chini ya miti yake mikubwa, ni habari nyingine: nyumba zenye uwanja hazishuki chini ya laki sita, na wengi wanaopanga huko kodi hulipiwa na taasisi.

Lakini kodi ya mwezi haitoshi kukuambia utaingia na kiasi gani. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mpigo, wachache wanakubali mitatu, na dalali anachukua mwezi mmoja. Nyumba ya 250,000 inataka 1,500,000 ya mwenye nyumba na 250,000 ya dalali, yaani 1,750,000, kabla hujanunua hata balbu. Hela ya kuonyeshwa nyumba ni ya juu yake. Kubalianeni mapema kuwa ni ya siku nzima, siyo ya kila mlango.

Mlangoni kwa mwenye nyumba mazungumzo huenda hivi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu. Nyumba yenyewe ndiyo hii, maji yapo, umeme upo.”

“Mama, naomba kuona risiti ya mwisho ya LUKU.”

Hapo dalali anacheka, “Kaka, hujaona hata chumba unataka risiti?” Mwache acheke. Risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inasema mengi kuliko rangi ya ukuta. Kama 1,000 imetoa uniti 2.8, nyumba iko kwenye kundi la matumizi ya kawaida, T1. Kama imetoa uniti 8.2, iko kwenye D1, kundi la majumbani yenye matumizi madogo. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa pia 1,500 ya kodi ya jengo, hivyo angalia risiti ya pili, isikudanganye. Na kama mita ni moja kwa wapangaji watano, D1 isahau, halafu jiandae na vikao vya nani ana pasi na nani ana jiko la umeme. Dawa yake ni mita ndogo ya kila mpangaji. Ifungwe kabla hujalipa ile miezi sita, ukishalipa ahadi hupoa.

Baada ya LUKU, toka nje uangalie nguzo. Ukiona kisanduku cheusi au cha kijivu cha kugawia faiba, uliza kampuni kama kina nafasi iliyobaki. Kisanduku kimoja hubeba wateja 8 au 16, kikijaa unasubiri kingine kifungwe, na “wiki ijayo” ya fundi inaweza kuwa mwezi. Pima kwa hatua umbali wa kutoka nguzo hadi ukutani. Nyumba iliyo nguzo nne nyuma ya barabara mara nyingi inadaiwa waya wa ziada.

Kuna jaribio dogo ambalo madalali hawalijui. Chomeka laptopu ya chuma yenye chaja ya pini tatu za chuma kwenye soketi ya ukutani, vua viatu, kanyaga sakafu, pitisha mgongo wa vidole kwenye kifuniko. Ukihisi kama chungu wanatembea, huenda waya wa ardhi haupo au umekatika. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo. Siyo jambo la kukimbia nyumba, lakini hitilafu ya umeme ikitokea haina njia ya kwenda ardhini. Fundi anachimbia fito ya shaba ya mita 1.2 upande wenye udongo wa unyevu, karibu na bomba la nje ndiyo pazuri, anaiunganisha kwa waya hadi kwenye swichi kuu, kazi ya nusu siku.

Siku ya 3, Jumatano: umeme na ule mstari wa 75

Miji yote miwili inaning'inia kwenye gridi ile ile. Moshi inapokea kupitia kituo cha Kiyungi, Arusha kupitia Njiro. Mitambo ya maji iliyo karibu na kanda hii ni midogo: Nyumba ya Mungu ni megawati 8, Hale 21, Pangani mpya 68. Umeme mwingi unatoka mbali, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liko Rufiji huko. Njia ndefu hupoteza umeme na volti hushuka mwishoni. Ndiyo maana giza kubwa likija linazikamata Moshi na Arusha kwa pamoja, na kulinganisha mji kwa mji kwenye jambo hili ni kupoteza muda. Linganisha transfoma kwa transfoma. Yenye nyumba nyingi kupita uwezo wake inajionyesha saa 1 jioni: washa taa, pima soketi kwa kipima volti cha fundi. Chini ya volti 200, friji inaweza kuungua kabla ya mkataba kuisha, labda uweke kilinda friji.

Sasa matumizi ya developa mmoja anayefanya kazi nyumbani. Laptopu wati 60, skrini ya nje 25, ruta na kile kisanduku cha faiba pamoja 20. Jumla wati 105. Saa 10 kwa siku, siku 26: uniti 27. Friji dogo linakula kama uniti 1 kwa siku, yaani 30. Hadi hapa miji ni sawa, uniti 57.

Moshi unaongeza feni. Wati 50, saa 10 kila siku, uniti 15. Jumla 72.

Arusha feni huiwashi, ila utaoga maji ya moto. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ina kilowati 5, dakika 10 kwa siku, uniti 25 kwa mwezi. Jumla 82.

D1 inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi. Ndani ya hapo uniti ni shilingi 100, na kodi na tozo zake 122. Inayozidi 75 inapanda hadi 350, ukijumlisha makato 427, na ukizoea kuzidi unahamishiwa T1 ambako kila uniti ni 292, mkononi 356. Kwa hiyo wa Moshi mwenye D1 anamaliza mwezi kwa 8,800 hivi, na wa Arusha aliyeko T1 analipa 29,000 na ushee kwa maisha yale yale. Hita ya dakika 10 ndiyo imefanya hayo yote. Anayetaka kubaki chini ya mstari achemshie maji kwenye jiko la gesi, au atafute nyumba yenye hita ya jua juu ya paa. Arusha zipo, hasa Njiro na Sakina.

Kukatika. Weka hesabu ya saa 6, maana katizo la kawaida la matengenezo linaanza asubuhi na kurudi alasiri. Wati 105 kwa saa 6 ni wati-saa 630. Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye lebo, lakini usiinyonye kupita nusu, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, yenyewe inakula kama asilimia 15. Unabaki na 510, hazifiki saa 5. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa hizo hizo ina 1,280, unatumia asilimia 90, toa ya inveta, unabaki na 979, yaani saa 9. Bei yake dukani inakaribia mara mbili, ila inachajiwa maelfu ya mara wakati jeli iliyonyanyaswa inakufa ndani ya miaka miwili. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini za wimbi la ngazi zinaifanya chaja ya laptopu ichemke na feni ivume.

Kosa linalorudiwa zaidi ni chaja. Mtu ananunua betri kubwa na inveta yenye chaja ya ampea 10. Betri ya ampea-saa 100 iliyoisha inataka zaidi ya saa 10 kujaa. Umeme ukirudi usiku wa manane na kukatika tena asubuhi, unaanza na betri isiyojaa, ikijirudia huna kitu, halafu betri inalaumiwa.

Ruta usiipitishe kwenye inveta kabisa. Nunua kibetri kidogo cha ruta cha volti 12, kikae mezani na waya wake. Faiba ya majumbani haina kifaa kinachohitaji umeme njiani kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako, hivyo nyumba ikiwa na chaji na kituo kikiwa na jenereta, mtaa mzima unaweza kuwa giza na wewe uko hewani. Mnara wa simu ni tofauti: betri zake huisha baada ya saa kadhaa, na kabla hazijaisha kila simu ya mtaani inauelemea. Ndiyo maana intaneti ya simu hufa saa 2 au 3 baada ya umeme kukatika, wakati upau wa mawimbi bado unaonyesha umejaa.

Chakula, kwa kifupi. Sokoni Mbuyuni ndizi, mboga na parachichi zinashuka kutoka mlimani asubuhi ile ile. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe ni 2,000 hadi 3,000 mji wowote kati ya hii miwili. Usichague mji kwa tumbo.

Siku ya 4, Alhamisi: Moshi kwenda Arusha

Kilomita 80. Nauli elekezi za Desemba 2023 ziliweka basi la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo 3,878, na konda wa Coaster anasema 4,000 bila kupepesa macho. Saa moja na nusu ikiwa barabara ni tupu, mbili na nusu kukiwa na malori na vituo vya Weruweru, Kwa Sadala na Boma Ng'ombe. Kupanga Moshi na kwenda ofisini Arusha kila siku kunataka saa 4 barabarani na 8,000. Wapo wanaojaribu, wengi huishia kuhama. Mara mbili kwa wiki inabebeka: siku 8 za mwezi, 64,000.

Mkato wa uwanja wa ndege wa KIA uko karibu nusu ya njia. Kwa anayesafiri kukutana na wateja, miji inalingana hapo.

Baada ya Kikatiti unafika Maji ya Chai, na jina lenyewe linaeleza rangi ya mto. Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vya nyumba havilitaji. Upande huu wa Mlima Meru maji ya ardhini yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya ukanda huu vinakipita kwa mbali. Meno ya kahawia ya wazawa wa hapa yametokana na hilo. Watu huchemsha maji wakidhani wameyatibu. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, ikiwa imekolea zaidi. Chujio la kauri halisaidii pia. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, au chujio la utando wa msukumo (reverse osmosis), au kununua ya kunywa. Mtu mmoja lita 3 kwa siku ni lita 90 kwa mwezi, madumu matano ya lita 18.9. Mwenye mtoto mdogo asilichukulie kirahisi, kwa sababu meno ya kudumu huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi.

Moshi inakunywa chemchemi za Kilimanjaro, Shiri na Nsere zikiwemo. Arusha mjini imeingiziwa maji mengi zaidi na mradi wa shilingi bilioni 520, lakini nyumba ya pembezoni yenye kisima chake inabaki swali la kupima maabara. Uliza kila mara: maji haya ni ya mamlaka au ni ya kisima?

Tengeru, Chuo cha Nelson Mandela cha sayansi na teknolojia kiko hapa. Kutoka hapa barabara ya njia nne, kilomita 14.1, inakupeleka hadi Sakina.

Siku ya 5, Ijumaa: nyumba za Arusha

Vyumba viwili Sakina au Moshono: 250,000 hadi 450,000. Njiro: 500,000 hadi milioni na zaidi, kutegemea ukuta na lami. Kwa Mrombo na Muriet unashuka, na vumbi linapanda. Ukilinganisha aina kwa aina, Arusha inazidi Moshi kwa kama robo, isipokuwa kwenye nyumba zenye samani. Hizo zinashindaniwa na wageni wa utalii kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Desemba, na mwenye nyumba akipata mgeni wa wiki mbili anaanza kukuuliza mkataba wako unaisha lini. Saini mkataba mwezi Aprili, masika ikiwa imetanda na nyumba ziko tupu.

Bado utasikia kodi ikitajwa kwa dola. Tangu Machi 28, 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutoza bei au kulipa kwa dola ndani ya nchi kwa bidhaa na huduma. Mwenye nyumba akikwambia “dola 300”, mwombe aandike shilingi kwenye mkataba, kiasi kimoja kisichobadilika, bila maneno ya “kwa kiwango cha siku ya malipo”. Maneno hayo yanarudisha dola kwa mlango wa nyuma.

Foleni za Arusha zipo, ingawa si za Dar. Daladala ya ndani ya kilomita 10 ni 600. Siku 26 za kwenda na kurudi ni 31,200. Ukiwa mtu wa kubadilisha gari mjini kati, kama kutoka Moshono kwenda Sakina, ni 62,400, na tofauti ya kodi uliyoifurahia imekwisha.

Siku ya 6, Jumamosi: nani anakulipa

Hapa ndipo miji inapoachana kweli.

Arusha ina wanunuzi wa programu: kampuni za utalii zinazohitaji mifumo ya kupokea oda na kufuatilia magari porini, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mashirika yasiyo ya kiserikali, Chuo cha Ufundi na Chuo cha Uhasibu vinavyotoa vijana kila mwaka. Moshi ina kampuni za kupandisha watalii mlimani, Chuo Kikuu cha Ushirika, Bodi ya Kahawa, na hospitali ya KCMC pamoja na miradi yake ya utafiti yenye hifadhidata kubwa. Kazi ipo, ila milango ni michache na watu wanajuana. Ukigombana na mteja mmoja, watatu wamesikia kabla ya Jumapili. Kwa upande wa matibabu Moshi inaongoza: KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, na kutoka Soweto ni bajaji tu.

Chukua ajira ya ndani ya 2,500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ni 250,000. Inabaki 2,250,000 ya kukatwa kodi. Kodi ya mshahara ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi, yaani 375,000. Jumla 503,000. Mkononi 1,747,000. Kwa saa 176 za kazi ni kama 9,900 kwa saa. Sasa rudi kwenye nyumba: nyumba iliyo nafuu kuliko nyingine kwa 60,000 kwa mwezi, lakini inayokupotezea saa 10 kwa mwezi kwa giza na mtandao, imekula 99,000. Kwa anayelipwa kwa saa na mteja wa nje hasara ni kubwa zaidi, maana saa isiyofanyika hailipwi kabisa.

Frilansa wa wateja wa ndani akumbuke kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Dai hati yake kila mara, ndiyo inayopunguza deni lako mwisho wa mwaka. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne. Wa wateja wa nje wengi hupokea kwa Payoneer, huduma ya malipo ya mtandaoni, au moja kwa moja kwenye akaunti ya dola ya benki. Makato ya benki za kati yanaweza kufuta malipo madogo, hivyo unganisha ankara za mwezi mzima kuwa moja.

Kwa hiyo, bila kuzunguka: anayetafuta kazi ya kwanza au wateja wa ndani akapange Arusha hata kama ni chumba kimoja. Aliyekwisha kupata mteja wa nje wa kudumu anapoteza hela Arusha. Moshi itampa nyumba kubwa zaidi, maji bora na mji unaotembeleka kwa miguu, usafi wake ukiwa ni jambo la sheria ndogo na faini.

Siku ya 7, Jumapili: mlango wa dharura

Mtandao wa nchi unategemea sana nyaya chache za baharini. Mei 12, 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikabaki ikitambaa. Kuwa na laini mbili za kampuni mbili hakusaidii siku hiyo kama zote zinatoka njia moja. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mkataba na mteja wa nje uwe na kifungu cha tukio la aina hiyo, na kazi iwe na nakala kamili kwenye diski yako, pamoja na vifurushi vyote vya programu inavyotegemea, ili uweze kujenga na kujaribu bila mtandao. VPN ya mwajiri, ile njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wake, nayo ina utaratibu: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia watoe taarifa zake. Kama kazi inaitaka, barua ya mwajiri iwe tayari.

Mtandao ukizimwa nchi nzima, mlango wa dharura ni Kenya. Kwa ramani, kutoka Moshi hadi mpaka wa Holili ni chini ya saa moja kwa gari. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi.

Saa 2 usiku, pingi ya mwisho ya wiki, Sakina, ghorofa ya kwanza, dirisha wazi. Jirani wa chini ana video, wa kushoto ana mpira. Dakika 10 zinaisha, pakiti 600 zimetoka. Andika zilizorudi kwenye daftari kando ya zile za Soweto, saa ile ile, halafu mpigie dalali wa nyumba iliyoshinda kabla hajaionyesha kwa mwingine kesho asubuhi.